Mwangaza wa Kuazima

Nilikaa matanga ya Kambale siku mbili nzima bila kumwambia mtu yeyote nilichomfanyia. Nilijitambulisha kwa wenye msiba kama mtu aliyefanya naye kazi zamani, jambo ambalo ni kweli, nikapewa kiti cha plastiki karibu na ukuta na kikombe cha chai, nikaanza kuangalia watu. Dada yake mkubwa, ambaye ndiye aliyempokea alipoletwa Goma kutibiwa, alikuwa amefunga turubai la bluu juu ya ua mzima kule Ndosho, na jua la saa nne lilipopenya lilitumwagia sote rangi yake. Mashavu ya bluu, vikombe vya bluu, hata mchele uliokuwa ukichaguliwa kwenye sinia ulikuwa wa bluu. Mwanamke aliyeketi pembeni yangu alininong'oneza kwamba huzuni imewabadilisha watu sura. Mimi nilijua ni turubai tu. Hiyo ndiyo kazi yangu kwa zaidi ya miaka ishirini: kuifundisha kompyuta namna mwangaza unavyogonga kitu kimoja, ukachukua rangi yake, ukaenda kuipaka juu ya kitu kingine ambacho hakikuomba. Huwezi kunikaribisha sebuleni kwako bila mimi kutazama dari kwanza, na ukiniambia dari yako ni nyeupe nitataka kujua zulia ni la rangi gani. Wanafunzi wangu hudhani huo ni ufundi. Ni tabia ya kushuku, na niliipata mwaka mmoja, nikiwa na miaka ishirini na mitatu, katika chumba kimoja cha mbao, pamoja na huyu tuliyekuwa tukimlilia. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu ameshaota ndevu.

Chumba chenyewe kilikuwa mtaa wa Katindo, hapa Goma, mwaka wa pili baada ya lava kupita katikati ya mji. Watu walikuwa wanajenga upya juu ya mawe yaliyokuwa bado makali, na kila aliyekuwa na ndugu ng'ambo alikuwa anajenga au anasema anajenga. Papa Deo, mwenye biro, yaani ofisi yetu, alikuwa mchora ramani za nyumba, mtu mnene mwenye mguu uliomvimba kila majira ya mvua. Biro yake ilikuwa ya mbao zilizopakwa vanishi, imebanwa na saluni ya wanawake upande mmoja na duka la misumari upande mwingine. Ndani kulikuwa na meza tatu, kompyuta mbili, kabati la ramani lisilofungika, na kile kisanduku cha kutuliza umeme kilichokuwa kikilia tak-tak kila umeme ulipopungua, nasi tunanyamaza wote kukisikiliza. Meza ya kwanza ilikuwa ya Papa Deo. Ya pili ilikuwa yangu: nilikuwa nimemaliza masomo ya informatiki, nikaajiriwa kuchora kwa kompyuta nyumba ambazo bado hazijajengwa, ili wenye kuzijenga kutoka mbali waone watakachopata. Ya tatu ilikuwa ya Kambale, mkuu wa shantie zetu zote, yaani sehemu tulizokuwa tukijenga, mzaliwa wa Butembo, mkubwa wangu kwa miaka mitano. Meza yake ilikuwa ya heshima tu, kwa sababu yeye alishinda kwenye mawe pamoja na mafundi, akarudi mchana na vumbi la saruji kwenye nyusi na kamera ndogo ya biro shingoni. Papa Deo hakumwamini mtu. Aligonga matofali kwa ufunguo, alinusa mbao, alimwuliza muuza misumari kila wiki kama misumari yake ni chuma kweli. "Mu hii muji," alikuwa akituambia, "kila mutu anakuonesha kitu. Weye uangalie chenye hakuoneshe." Nilidhani hiyo ndiyo busara yote ya dunia.

Picha zangu za kwanza zilikuwa mbaya, na sikujua kwa nini. Niliweka jua, niliweka kuta, na kivuli kikatoka cheusi tii, mahali ambapo mtu akisimama angepotea. Ili kukipunguza nilifanya walivyofanya wengi: nilificha taa za uongo ndani ya picha, taa zisizo na balbu wala waya, moja nyuma ya mlango, mbili juu ya kabati. Papa Deo aliitazama kazi ile kwa muda mrefu, akauliza, "Hii mwangaza inatoka wapi?" Nikasema ni taa ndogo tu ya kusaidia. "Miye nauliza inatoka wapi." Kesho yake alikuja na boksi la viatu. Alikuwa amelipaka ndani rangi nyeupe, isipokuwa upande mmoja alioupaka wekundu, akakata tundu juu, akaliweka dirishani, akaniambia nichungulie. Ule upande mweupe uliotazamana na ule mwekundu ulikuwa wa waridi, na hakuna aliyeupaka waridi. "Ule ukuta hauna mwangaza yake," akasema. "Unaazima. Mwekundu unaazima kwa jua, mweupe unaazima kwa mwekundu, dari inaazima kwa bote. Mutu akikuonesha kitu kinawaka, umuulize aliazima wapi." Basi nikaacha taa za uongo. Nilijifunza, polepole na kwa makosa mengi, kuifanya kompyuta igawe kila ukuta vipande vidogo vidogo, na kila kipande kiviulize vipande vyote vinavyoonana nacho: wewe umepata kiasi gani, na mimi utanigawia kiasi gani? Kisha mzunguko wa pili, kisha wa tatu, kwa sababu kila aliyepokea naye sasa ana cha kutoa. Chumba kimoja kilichukua tangu asubuhi hadi jioni, umeme ukitaka. Siku sebule yangu ya kwanza ilipotoka, na nikaona uvuli laini chini ya kiti ambao sikuuchora mimi, nilifurahi hadi nikatoka nje nisionekane. Lakini Papa Deo alipata kasoro papo hapo. Dari ya baraza ilikuwa inang'aa mno. Nilikuwa nimeacha ardhi nyeupe, kama kompyuta ilivyokuja nayo. "Hii nyumba iko Goma ao iko Bruxelles?" akauliza. "Jiwe yetu inakunywa mwangaza. Hapa hakuna baraza inawaka kwa chini." Alisema kweli. Kuanzia siku hiyo ardhi katika kompyuta yangu ilikuwa nyeusi ya lava, kwa kila nyumba, na sikuigusa tena.

Mchana tulikula nyuma, jikoni kwa Mama Sifa, mama aliyekuwa akipikia biro yetu na saluni kwa pamoja: fufu, sombe ya majani ya muhogo, maharage, na siku njema sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, za kukaanga. Kambale alikuwa na desturi ya kunisukumia zile za chini ya sahani, zilizokauka vizuri, ambazo hata yeye alizipenda. Mimi nilishuku hata samaki. Nilijiuliza anataka nini kwangu, kama ni kuposa au ni kunitumia kwa Papa Deo, na siku moja nikamwuliza waziwazi. Alicheka hadi akakohoa. "Fura, weye ukifika mbinguni utauliza kwanza kama lango ni ya mbao ao ni rangi tu." Ni yeye aliyenipa jina hilo, Fura, kwa sababu Furaha, jina langu kamili, alisema, haikunifaa bado. Tuliambiana mambo mengi pale juu ya benchi, ya kazi na ya maisha. Lakini mbao za ukuta zilikuwa nyembamba, na maneno ya saluni yalitufikia na sahani. Kila siku kulikuwa na mtu mpya aliyedanganywa: fulani katumiwa na mdogo wake picha ya nyumba ya jirani, kaja na wanawe kwa likizo, teksi imesimama mbele ya kiwanja kitupu. Mwingine kaoneshwa picha ya msingi mmoja kwa miaka mitatu, kila mara umepigwa kutoka upande mwingine. Wanawake walicheka, kisha mmoja akasema neno lile lile walilosema kila mara, kwamba njia ya mwongo ni fupi. Nilikuwa nakula na kusikiliza, na yale maneno yakanikaa tumboni pamoja na fufu. Ilifika mahali nikawa siangalii picha ya mtu yeyote bila kutafuta pale anaponidanganya.

Nyumba iliyotuharibia ilikuwa ya Mama Devota, muuguzi aliyeishi Ubelgiji, mjane, ambaye alitaka kurudi kuzeekea nyumbani. Kiwanja chake kilikuwa upande wa Mugunga, mawe matupu. Alichagua ramani ambayo biro ilikuwa imeshaijenga mara moja huko Butembo kwa mfanyabiashara mmoja, na aliyeisimamia kule alikuwa Kambale. Picha za ile ya Butembo nilizijua vizuri; udongo mwekundu wa kule ulikuwa umepanda hadi kwenye madirisha. Mama Devota alipiga simu kila Ijumaa, na Papa Deo aliweka sauti ya nje ili tusikie sote. "Papa Deo, miye siombi maajabu," alikuwa akisema kwa sauti ya mtu aliyetoka zamu. "Niletee tu picha ya kweli." Ijumaa moja Kambale akaleta picha hiyo. Wiki tatu nyuma nyumba haikuwa na paa. Sasa ilikuwa na paa, rangi nyeupe, baraza na nguzo zake. Papa Deo alifurahi, akaituma. Mimi nilibaki nayo kwenye kioo cha kompyuta. Kwanza niliona kwamba ilikatwa chini: ngazi ya tatu ilionekana, ardhi haikuonekana. Kisha nikatazama dari ya baraza, kama nilivyozoea, na dari ilikuwa inaelekea wekundu. Niliishutumu kamera kwanza, kwa sababu kamera ile ilikuwa na mambo yake, lakini ukuta uliopigwa na jua ulikuwa mweupe safi, na mawingu yalikuwa meupe. Wekundu ulikuwa kwa chini tu, pale ambapo jua halifiki lenyewe. Kuna kitu chekundu kilikuwa kimelala mbele ya nyumba ile kikigawa mwangaza wake, na kitu hicho kilikuwa kimekatwa kisionekane. Nikakumbuka kwamba Jumatano nilimsikia Kambale kwenye korido akiongea simu kwa Kinande, lugha nisiyoijua, na nilichoshika ni Butembo, nyumba, na Butembo tena. Moyo ulinidunda. Nitasema ukweli: sehemu ya ule mdundo ilikuwa furaha. Nilikuwa nimeona chenye hakuonesha.

Sikumwuliza. Jumamosi tulikula benchi moja, akanisukumia sambaza, nami nikazila. Jumatatu, yeye akiwa shantie, niliijenga nyumba ile ndani ya kompyuta mara mbili, jua mahali pale pale, rangi zile zile. Ya kwanza niliiweka juu ya jiwe jeusi: dari ya baraza ikatoka ya kijivu, imefifia. Ya pili niliiweka juu ya udongo mwekundu, na Jumanne jioni dari ikatoka na wekundu ule ule wa kwenye picha, hadi nguzo ya pili, hadi kwenye kona. Nilimwita Papa Deo nikamwonesha zote tatu pamoja. Asiyekuwepo na lake halipo. Papa Deo akaugusa mguu wake, akasema taratibu, "Alipiga ile ya Butembo." Kisha akaniwekea mkono begani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Huyu mutoto anaona," akasema, na hakukuwa na mtu mwingine chumbani wa kuambiwa. Kambale alipoingia kesho yake, Papa Deo hakumwonesha kitu, kwa sababu imani yake ilikuwa kwamba mwizi haambiwi ulichokiona. Alimwuliza tu, "Hii picha ulipiga wapi?" Kambale akajibu, "Ku Mugunga, ku shantie." Akaulizwa tena. Akajibu tena. Akaulizwa mara ya tatu, na safari hii aliivua kamera shingoni akaiweka mezani. "Papa, unaniuliza mara tatu kama mutu ameniona mahali pengine. Tukamate pikipiki sasa hivi, twende uone." Lakini njia ya Sake, ipitayo Mugunga, ilikuwa imefungwa tangu jana yake kwa sababu ya milio ya risasi, na hakuna pikipiki iliyokubali kupita Ndosho. Papa Deo akasema, "Njia ikifunguka tutaenda. Sasa hivi uende kupumzika kwako." Kambale akakusanya mita yake, buti na sweta. "Basi niko naenda ku muji ya Kiwanja, kwa shangazi. Siku mutaona, mutaniita." Mimi nilikuwa nimeinamia kibodi, nikiandika maneno yasiyo na maana. Alisimama mbele ya meza yangu. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonichoma. "Fura," akasema, "ulikuwa unaweza kuniuliza."

Njia ilifunguka baada ya siku nane. Mguu wa Papa Deo ulikuwa umevimba hadi hakuweza kuvaa kiatu, akanituma mimi. Nilikwenda kwa pikipiki asubuhi, nikiwa nimejiandaa kukuta kuta zisizo na paa, na nilikuwa nimeshapanga maneno ya kuripoti. Nyumba ilikuwa imesimama. Paa, rangi, baraza, nguzo, kila kitu mahali pake, na mbele yake, kutoka ngazi ya mwisho hadi kwenye uzio wa mawe, ulikuwa umetandazwa udongo mwekundu, mwingi, mwingine bado umerundikwa kando ya baraza. Jua lilikuwa limeupiga. Nilinyanyua macho nikaona dari, na dari ilikuwa nyekundu. Zamu wa pale, mlinzi wa nyumba, mzee mmoja aliyeitwa Safari, alitoka na kunisalimia, akadhani nastaajabia kazi. "Hii inatoka juu ya Sake, ku milima," akasema. "Magari tatu. Ni Kambale njo aliileta, kwa sababu mama wa Ulaya alisema anataka bustani. Mu haya majiwe ata kitunguu hakioti." Nikamwuliza kuhusu picha. Akasema ilipigwa siku ile ile udongo uliposhuka, na Kambale alihangaika sana kutafuta mahali pa kusimama, ili marundo na mikokoteni visionekane. Hilo halikuhitaji kuelezwa. Ilikuwa sheria ya Papa Deo kwamba mteja haoneshwi uchafu wa shantie, na mimi mwenyewe nilikuwa nimekata marundo mengi ya mchanga katika picha. "Sasa tunangojea miche ya maua," Safari akaendelea. "Ndugu yake iko naituma toka Butembo." Niliinama nikachota udongo, nikaufinya mkononi. Mtoto wa Goma hafundishwi kwamba udongo hapa hununuliwa. Lenga-lenga, ule mchicha wa Mama Sifa nyuma ya biro, ziliota kwenye udongo uliokuja kwa lori; kila ua lenye mchicha, kila kaburi lenye maua katika mji huu, mtu alileta udongo. Nilijua hivyo tangu nianze kutembea. Lakini ndani ya kompyuta nilikuwa nimeweka ardhi nyeusi mara moja tu, na tangu hapo nilikuwa nimeacha kuitazama ile ya nje.

Njiani kurudi nilikuwa na aibu ya kweli, lakini tulipofika Ndosho aibu ilikuwa imeshaanza kutafuta pa kujificha. Niliwaza Papa Deo akiniondolea mkono begani. Niliwaza Mama Devota, ambaye Ijumaa iliyopita alikuwa ameambiwa juu ya binti mwenye jicho, akanishukuru kwa jina. Papa Deo alikuwa ameuweka mguu juu ya kiti. "Unasema nini?" Nikasema, "Nyumba iko, Papa. Imeisha kabisa." Akashusha pumzi. Kisha akauliza swali nililokuwa nikiliogopa. "Na picha?" Nilikuwa na muda wa kutosha wa kusema neno moja, udongo. Nikasema, "Picha, inawezekana alituma ya Butembo wakati hii ilikuwa haijaisha." Inawezekana. Sikusema uongo wa moja kwa moja, niliuacha mlango wazi na uongo ukaingia wenyewe. Papa Deo akatikisa kichwa. "Basi alikuwa anatuharakisha tu. Lakini mutu wa kutuma picha ya uongo mara moja, sitalala na yeye akiwa mu biro yangu." Hakumwita. Alipokwenda mwenyewe Mugunga pamoja nami miezi miwili baadaye, bustani ilikuwa imefunikwa na nyasi, na dari ilikuwa inaelekea ukijani, ambao yeye hakuuona. Mimi niliuona. Nilipewa kamera na meza ya tatu. Ile habari haikukaa ndani ya mbao zetu: saluni ilisikia, muuza misumari alisikia, na kabla ya mwaka kuisha mafundi wa Goma walikuwa na jina la kumtaja mwenzetu, Kambale wa picha. Nililisikia benchini kwa Mama Sifa likisemwa kwa kicheko, na nilikula. Hakupata tena shantie mjini. Watu waliotoka Kiwanja walisema anaezeka mapaa huko na kuuza maharage. Kila mwaka nilijiambia nitampigia, na kila mwaka kosa lilikuwa limezeeka zaidi na simu imekuwa nzito zaidi. Papa Deo alifariki akiamini nilichomwambia. Nikaja kujulikana mjini kwa picha zangu. Wakasema nyumba zangu zinapumua. Nilipata wanafunzi, nikawafundisha boksi la viatu, na kila mara nilipofika kwenye somo la ardhi niliwaambia wabadilishe rangi, wasiniulize kwa nini.

Siku ya tatu ya matanga, watu wakiwa wamekwenda kupanga chakula nje, niliingia chumba alichokaa mjane. Kavira alikuwa amekaa juu ya godoro sakafuni, kitambaa kichwani, miguu ameinyoosha, mwanamke mwembamba mwenye macho yaliyokwisha kulia. Nilipiga magoti mbele yake nikamwambia jina langu, kisha nikamwambia yote: dari, picha tatu, udongo mkononi, neno inawezekana. Nilitarajia anifukuze, na nilitaka anifukuze, maana hilo lingekuwa na mwisho. Alinisikiliza bila kunikatiza, akanipisha nikae godoroni. "Mama, ile mambo siye tunaijua," akasema. "Ule zamu, muzee Safari, alimuita Kambale ku telefone siku ileile. Akamuambia, dada wa biro alikuya, akainama, akashika udongo, akaenda. Miye na yeye tulikuwa hatuyaoana bado, lakini nilikuwa pale Kiwanja. Kambale alifurahi sana. Akasema, sasa Fura ameona, atanipigia." Nikamwuliza, sijui nilipata wapi nguvu ya kuuliza, kama Kambale alikasirika baadaye. Akajibu, "Mwaka wa kwanza alikasirika. Kisha akawa anakutetea. Akisikia redio inasema juu ya picha zako, anatuambia, ule ni mutu wangu, iko naogopa tu." Alichukua simu ndogo iliyokuwa chini ya mto, kioo kimepasuka, akaishika mkononi bila kuifungua. "Telefone alibadilisha mingi, zingine zilianguka mu maji, zingine baliiba. Namba hakukubali kubadilisha. Batoto balimucheka, balisema Papa, hii reseau ya simu ni mubaya huku Kiwanja, chukua ingine. Alikuwa anabajibu kwamba kuko mutu moja mwenye anajua hii namba tu." Ilikuwa kweli. Nilikuwa naijua kwa kichwa.